Sauti Nyuma ya Lango

"Mpira huu hautoki hapa mpaka kitunguu changu kifufuke!"

"Wilf, acha utoto. Mechi inaanza sasa hivi, na ule mpira mwingine umeshakwenda na mto."

"Utoto? Jean, huu unauita utoto? Kitunguu kile kilikuwa kinakwenda kwenye maonyesho ya mboga! Nimekilea tangu kikiwa chembamba kama uzi. Njoo uone. Njoo utazame maiti."

"Nikivitazama vitunguu vyako nitalia bure."

Ugomvi huo ulipigwa juu ya ukuta mfupi wa matofali, na watu wa mji wetu wa Harbeck walishauzoea kama walivyoizoea mvua. Nyumba ya Bi Jean na ya Mzee Wilf zimeshikana, na bustani zao zote mbili zinaishia kwenye uzio wa uwanja wa timu yetu, Harbeck Welfare, nyuma kabisa ya lango la upande wa reli. Shuti lolote linalopaa juu ya mtambaa wa panya linatua kwa Wilf. Bi Jean anaupenda uwanja huo kwa sababu kibanda cha chai ni chake. Kila Jumamosi ya mechi pai za nyama na viazi zinatoka kwenye oveni yake, zinapita geti dogo la nyuma, na kabla ya mapumziko zimeshaingia matumboni mwa watu.

Leanne, bintiye, alikuwa anapita na sinia la pai hizo, aproni imejaa unga, nywele kazifunga kwa lastiki ya mboga. Siku za kazi hupokea wagonjwa kwa daktari wa meno, amevaa safi, ananukia. Jumamosi hujiachia. Alikuwa anaomba tu wageni wasiusikie ugomvi wa mama yake, mara ng'ambo ya uzio ikapasuka sauti ambayo hajapata kuisikia maishani. Njiwa wote waliokuwa juu ya paa la jukwaa wakaruka.

"Jamani, samahani! Aliyekiua kitunguu ni mchezaji wetu! Sisi watu wa Skelby tunatoa pole kwa familia ya marehemu!"

Leanne akacheka hadi pai mbili zikadondoka.

"Nani huyo?" Wilf akauliza.

Kichwa chenye nywele nyekundu kikachomoza juu ya uzio, kisha skafu ya kijani na nyeupe, kisha koti lililojaa matone ya rangi za kila aina, kama mtu aliyegombana na duka la rangi likamshinda.

"Duncan, mzee. Mimi shabiki tu. Wamenituma mpira kwa sababu nina mdomo." Akavua kofia yake ya sufu, akaishika kifuani. "Kaburi liko wapi nitoe heshima?"

Wilf akaokota mpira, akamrushia. Bi Jean akasema hajaona kitu kama hicho tangu ahamie mtaa ule.

"Na wewe dada," Duncan akamgeukia Leanne, "hizo zilizoanguka unaziuza bei gani?"

"Hizo za mbwa."

"Bau," akasema.

Hivyo ndivyo walivyokutana.

Kwenye viwanja vidogo kama chetu hakuna mtu wa kukupangia pa kusimama. Unakaa nyuma ya lango ambalo timu yako inalishambulia, na mapumziko yakifika pande zote mbili zinahama, zinapishana mbele ya kibanda cha chai, zinataniana, zinasukumana kwenye foleni. Kwa hiyo kipa hana pa kukimbilia. Wale wale waliompigia kelele kipindi cha kwanza wanamfuata lango la pili, na wako karibu naye kiasi kwamba anawasikia wakitafuna. Hawageukii. Ndiyo desturi: kipa anayegeuka ameshindwa. Anazijua sauti zao, nyuso zao hazijui.

Kipa wa Harbeck alikuwa Gavin, kaka yake Leanne, fundi bomba, mwili kama kabati. Siku hiyo Duncan alisimama nyuma yake dakika zote akimtania: "Kipa, umekula pai ngapi? Tuachie hata moja!" Na Gavin mabega yakawa yanamtikisika kwa kicheko. Usiku ule mezani alisema, "Yule wa Skelby mwenye tarumbeta kooni anachekesha. Angekuwa wetu ningemnunulia bia."

Leanne akainamia sahani yake. Namba ya mwenye tarumbeta ilikuwa tayari kwenye simu yake.

Simu zikaanza. Kila Jumapili Leanne akimenya viazi vya chakula cha mchana, simu ikiwa imebanwa kati ya sikio na bega.

"Unafanya nini, malaika wa pai?"

"Namenya viazi. Punguza sauti, mama atafikiri uko chini ya meza."

"Na mimi natamani niwe chini ya meza."

"Duncan!"

"Nikiokota maganda, mpenzi. Wewe una mawazo machafu."

Siku za katikati ya wiki alikuja kwa gari lake la kazi ya kupaka nyumba rangi, ngazi zikigongana juu ya paa. Walitembea kando ya mfereji, wakila chipsi zilizoloa siki kwenye karatasi moja. Aliposhikwa mkono Leanne aliona rangi chini ya kucha zake, wiki hii bluu, wiki ijayo krimu, akajua nyumba za watu wa Skelby zinavyobadilika. Nyumbani hakumtaja. Mchumba wa Skelby, mahasimu wetu wa siku zote, si mtu wa kumwingiza ndani kwa ghafla, hasa wakati ule, maana Gavin alikuwa amerudi kuishi kwa mama yake na hasemi na watu.

"Kaka yako ana nini?" Duncan aliuliza Jumapili moja. "Mechi ya juzi wameniambia alikuwa kama amefiwa."

Leanne akafunga mlango wa jikoni. Alikuwa ameibeba siri ile yeye na mama yake tu kwa wiki nyingi, na mtu anayempenda alikuwa anamuuliza kwa upole.

"Mkewe ameondoka. Donna. Gavin alimlipia masomo ya udereva, zawadi ya siku ya kuzaliwa. Donna akafaulu mtihani, akaondoka na mwalimu."

Duncan akasema, "Masikini wee."

"Mtaani tumesema yuko Hispania anamuuguza shangazi yake. Gavin akijua kuna mtu anajua, atakufa kwa aibu. Hili usimwambie mtu."

"Mimi kaburi, kipenzi. La kitunguu kile."

Leanne akacheka. Ndicho kilichokuja kumuuma baadaye, kwamba siku ile alicheka.

Januari Harbeck ikaenda Skelby. Leanne alivaa koti la bluu ambalo hulitoa kwa harusi tu, akapaka midomo, skafu ya timu akaifunga kama mwanamke wa kwenye matangazo. Bi Jean akamtazama ndani ya basi la mashabiki.

"Unakwenda kwenye mechi au kuolewa?"

"Baridi, mama."

"Baridi inapakwa midomoni siku hizi?"

Mpango ulikuwa hivi: mechi ikiisha, kwenye klabu yao, bia mkononi, atamshika Duncan mkono na kumwambia Gavin, huyu ndiye yule mwenye tarumbeta. Alikuwa ameurudia mara nyingi kichwani.

Kipindi cha kwanza Gavin alicheza kama ana mikono minne. Alidaka krosi, akachomoa mpira mguuni mwa mshambuliaji, akapangua penalti. Leanne, aliyekuwa lango la mbali na watu wake, alishangilia mpaka sauti ikakauka. Muda mfupi baada ya penalti ile akasikia kitu kigeni kutoka kule nyuma ya kaka yake. Watu walikuwa wanapiga honi kwa midomo. Pii-pii! Kila Gavin akigusa mpira, pii-pii! Halafu kicheko cha umati mzima.

"Wana nini wale?" Bi Jean akauliza.

"Wana wazimu," Leanne akajibu. Lakini alikuwa ameshaacha kushangilia.

Mapumziko yakafika. Watu wa Harbeck wakaanza kuhama upande huu, watu wa Skelby upande ule, na mbele ya kibanda cha chai wakapishana. Hapo ndipo maneno yalipomfikia, wazi, yanaimbwa na wanaume wazima wenye vikombe mikononi:

"Gia ya ngapi, kipa, mkeo yuko gia ya ngapi? Kapita mtihani, kapita na mwalimu! Pii-pii!"

Katikati yao alikuwa Duncan. Mashavu mekundu kwa raha, mkono begani mwa mwenzake, mdomo wazi. Akamwona Leanne. Raha ikamtoka usoni kama maji yanavyotoka kwenye sinki, yote kwa mara moja, kukabaki kitu kitupu.

"Leanne."

"Nani amewaambia?"

"Leanne, sikiliza. Alipangua penalti, watu wakaanza kunisukuma, Duncan sema kitu, Duncan mtoe mchezoni. Ikanitoka. Nilisema mara moja tu, naapa. Hawa wengine ndio—"

"Mara moja ilitosha."

"Nilijua nimekosea pale pale iliponitoka."

"Na bado ulikuwa unaimba."

Mtu akamsukuma Duncan kwa nyuma, "Twende, Duncan, kipa anatusubiri!" na umati ukambeba. Leanne akabaki amesimama na koti lake la harusi. Aliona aibu ya aina ambayo hakuwahi kuijua, aibu ya kumpenda mtu yule, na chini yake nyingine nzito zaidi. Yeye ndiye aliyelifungua lile jambo. Duncan alilipigia kelele tu.

Kipindi cha pili hakuweza kuangalia. Alimwona kaka yake kwa mbali tu, mgongo umesimama wima kama mlango uliofungwa. Hakugeuka hata mara moja. Lakini mikono ilikuwa imemfia. Mpira laini ambao Bi Jean angeudaka kwa aproni ulimpita katikati ya miguu, pii-pii, kisha wa pili, kisha wa tatu. Wakati wa kurudi, ndani ya basi, Gavin alikaa kiti cha mbele kabisa na begi lake mapajani. Hakuna aliyethubutu kukaa karibu naye.

Asubuhi iliyofuata ukuta wa matofali ukawaka tena.

"Mdomo wako, Wilf! Huo mdomo wako!"

"Mdomo wangu umefanya nini? Bado sijanywa hata chai!"

"Nani mwingine mtaa huu anachungulia madirisha ya watu? Nani aliyetangaza ujauzito wa binti wa mchungaji kabla mchungaji hajajua? Umemwona Donna akipakia mabegi, ukaenda kuuza habari Skelby!"

"Jean, nimemwona, ndiyo! Nimemwona akipakia kwenye gari lenye ile alama ya mwanafunzi juu! Lakini sijasema! Huyo kijana amenitengenezea bomba zangu bure mwaka mzima, nitamsemaje?"

"Mwongo! Mwongo mkubwa! Usinipe salamu tena mpaka nife!"

Gavin alikuwa mlangoni, hajanyoa, anasikiliza. Mzee Wilf alimgeukia na mikono yake miwili imefunguka, na machozi yalikuwa yameanza kumlengalenga. Leanne alikuwa anaanika taulo. Angeweza kuanika taulo zote hadi mwisho na jambo lingeishia hapo, Wilf angekula lawama, ameshazoea lawama. Taulo la tatu likamshinda mkononi.

"Si yeye," akasema. "Ni mimi."

Bi Jean akageuka. "Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyesema. Nina mtu Skelby. Nilimwambia yeye peke yake."

"Una mtu wapi?"

Gavin alimtazama dada yake kama mtu anayejaribu kukumbuka wapi alimwona, kisha akasema taratibu, "Kumbe hata ndani ya nyumba," akaingia. Glavu zake akazitundika kwenye msumari wa banda la nyuma, akamwambia kocha atafute kipa mwingine. Tangu siku hiyo hakumsemesha Leanne. Mezani alipitisha maneno kwa mama yao: "Mama, mwambie anisogezee chumvi." Na Leanne alikuwa hapo hapo, na chumvi mkononi.

Leanne alikwenda kwa Mzee Wilf na keki. Wilf alipokea keki, akasema, "Mimi nimeitwa mwongo mara nyingi, binti yangu, lakini mara zote nilikuwa kweli nimedanganya. Safari hii imeniuma." Leanne akaenda kulia chooni.

Duncan alipiga simu asubuhi, mchana na jioni. Leanne alimpokea mara moja tu.

"Ninakuja kumwomba radhi," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, kama si yake.

"Ukija atakuvunja."

"Anivunje."

"Na mimi? Nikusimamie wapi, upande upi? Kaka yangu hanitazami, Duncan. Wilf alilia kwa ajili yangu. Nikisikia sauti yako nasikia umati mzima. Usinipigie."

Hakupiga tena. Na hilo nalo, wanawake mtajua, lilimuudhi.

Februari mvua ikanyesha kama imeagizwa. Ijumaa jioni lango la upande wa reli lilikuwa bwawa, na mechi ya Jumamosi ilikuwa ya nyumbani, pai zimeshaandaliwa. Katibu wa klabu akaweka ujumbe mtandaoni kwa watu wote: refa anakuja kukagua uwanja asubuhi, anayeweza kushika uma wa bustani aje. Ndivyo tunavyofanya. Unachoma ardhi kwa uma, unautikisa, unauchomoa, maji yanateremka, unasogea hatua, unachoma tena. Ukimaliza uwanja mgongo si wako.

Leanne alifungua dirisha la kibanda cha chai mapema, akaona watu wachache wenye makoti ya mvua wametawanyika uwanjani. Kwenye lango la upande wa reli, peke yake, mwanamume alikuwa ameinama, kofia ya koti imemfunika uso, matope hadi magotini. Anachoma, anatikisa, anachomoa. Koti lilikuwa na matone ya rangi za kila aina.

Leanne akaweka birika chini.

Kabla hajafanya lolote akamwona Gavin anaingia na toroli la mchanga. Glavu alizitundika, uma wake hakuutundika, uwanja ule aliupenda kuliko usingizi. Akaenda moja kwa moja golini kwake, akamkuta mgeni, akampa uma ulio bora zaidi. Mgeni akaitikia kwa kichwa. Wakaanza kuchoma pamoja, bega kwa bega, wala Gavin hakuwa na sababu ya kushtuka. Sura hiyo hakuwahi kuiona.

Kwenye uzio alikuwa Mzee Wilf na mwavuli wake. Yeye sura ile aliijua, mwenyewe alishamvulia kofia siku ya kitunguu. Leanne alimwona akimtambua. Akaona kidevu kikitikisika, mdomo ukifunguka. Halafu Wilf, ambaye mji mzima unamjua, akaufunga mdomo, akaangalia mawingu.

Leanne akachukua vikombe vitatu vya chai na kuvuka matope. Gavin alipokea chake bila kumtazama, akaenda kumwaga mchanga kwenye mstari.

"Umechanganyikiwa?" Leanne akanong'ona.

"Nilipofika nilitaka kumwambia," Duncan naye akanong'ona. Midomo ilikuwa ya bluu kwa baridi. "Akanipa uma kabla sijafungua mdomo. Akaniambia asante sana, ndugu. Leanne, aliniita ndugu. Nikashindwa."

"Skelby hawachezi leo?"

"Nusu fainali ya kombe."

Alimtazama. Mtu huyu aliwahi kuahirisha harusi ya binamu yake kwa mechi ya kirafiki.

"Sijakusamehe," akasema.

"Sijaja kusamehewa. Nimekuja kuchimba."

Gavin akarudi. "Huyu rafiki yetu ana kazi nzuri," akaiambia hewa, si dada yake. Akampiga Duncan begani kwa mkono wa matope. "Lakini huzungumzi, ndugu. Au huna koo? Unaitwa nani?"

Mvua ilikuwa inagonga mtambaa wa panya. Leanne alitaka kusema jina lolote, Peter, Paul, jina la mtume yeyote. Duncan alisimika uma wake chini, akavua kofia ya koti, akanyooka.

"Naitwa Duncan," akasema. "Natoka Skelby."

Alisema kwa upole, lakini sauti ni sauti. Mgongo wa Gavin ukakauka vile vile ulivyokauka Januari. Alikuwa amempa upande. Kisha kwa mara ya kwanza akageuka, akamtazama usoni.

"Sema ile ya gia."

"Siwezi."

"Siku ile uliweza."

"Siku ile sikuwa naona uso wako."

Refa alikuwa amefika, mwanamume mwembamba mwenye viatu safi, anazunguka uwanja na mpira mkononi. Akafika golini kwao, akainua mpira juu ya kichwa chake, akauachia. Mpira haukudunda. Ulianguka kwenye matope, pwa! ukaganda hapo kama yai kwenye kikaango. Refa akatikisa kichwa. Hakuna mechi. Kote uwanjani watu wakaegemea uma zao na kutukana mawingu.

"Mechi ile uwanja wa kwenu ulijaa, wote wakasikia," Gavin akasema. "Leo hata mechi hakuna. Nenda nyuma ya lango, pale pale unaposimamaga."

"Nikaseme nini?"

"Hukuniuliza siku ile."

Duncan akazunguka nguzo. Akashika chuma cha kizuizi kwa mikono miwili. Leanne akaona aibu imemshika mtu mzima mpaka masikio yamekuwa rangi ya nywele. Kisha ile sauti ikatoka, yote.

"Gavin! Nimekukosea! Nilipewa siri ya nyumba yenu, nikaigeuza wimbo ili watu wacheke! Dada yako aliniamini, nikamfanya msaliti! Mzee Wilf akaitwa mwongo kwa ajili yangu! Nina aibu! Naomba radhi!"

Njiwa wote wakaruka. Madirisha ya mtaa mzima yakafunguka, na mbwa wa mtaa wa tatu akajibu. Watu wenye uma wakasimama kama sanamu. Na mwenye siri sasa hakuwa na siri tena hata Harbeck. Leanne alilifikiria hilo kwa hofu, akamtazama kaka yake. Lakini Gavin alikuwa anawatazama watu wale, mmoja mmoja, wale waliojua siku zote na kumuuliza tu hali ya shangazi wa Hispania. Hakuna aliyecheka. Katibu akavua kofia.

Gavin akang'oa mpira kwenye matope, akaufuta kifuani. Akaenda zake hadi geti dogo la nyuma, akaingia kwa mama yake bila neno.

Duncan akabaki nyuma ya lango, ameshika kile chuma. Leanne akamfuata.

"Basi," Duncan akasema. "Nimesema. Naenda kutafuta gari langu, kama halijazama."

"Ulipiga kelele sana."

"Alitaka wasikie."

"Mpaka Skelby wamesikia. Watakupiga marufuku." Alijikuta anamfunga kifungo cha koti, kile cha juu. "Mimi pia bado sijasamehewa. Hata chumvi ananiomba kupitia kwa mama."

"Nisimame na wewe, basi. Tusisamehewe pamoja."

"Usinichekeshe, Duncan. Leo sitaki kucheka."

"Sichekeshi."

Na kweli hakuwa anachekesha. Alikuwa analia, mvua ikimsaidia kuficha. Leanne hakuuondoa mkono wake kwenye kile kifungo.

"Nyie wawili!" Wilf akaita kutoka chini ya mwavuli. "Mkibusiana hapo sitamwambia mtu. Siku hizi mimi ndiye kaburi."

Mlango wa nyuma wa Bi Jean ukafunguka kwa kishindo. Harufu ya nyama na pilipili manga ikavuka bustani. Bi Jean alikuwa anasikika ndani akilalamika, pai za watu wote wale nani atazila, njegere sufuria nzima, Wilf na wewe njoo, usijifanye hujasikia, na ulete sahani zako maana zangu hazitoshi.

Lakini aliyetokea mlangoni alikuwa Gavin, taulo shingoni, matope bado usoni. Hakumtazama mama yake. Alitazama moja kwa moja kwenye uzio.

"Leanne," akasema.

Jina lake. Kutoka mdomoni mwake mwenyewe. Leanne akageuka, mkono bado kwenye kifungo.

"Mwambie huyo mwenye tarumbeta aingie ale. Viatu aviache nje." Akafikiri kidogo, mkono kwenye kitasa. "Na akae mbele yangu. Nyuma yangu ameshasimama vya kutosha."